Wakala anataka nitangulie Dubai kwa viza ya matembezi: nikubali?

Swali. Msomaji wa Tanga, mwenye umri wa miaka 29 na stashahada ya uhasibu, anaandika: "Kupitia wakala aliyeko Dar es Salaam nimepata kazi ya karani wa hesabu katika kampuni ya ghala huko Dubai. Mshahara ni dirhamu 3,500 kwa mwezi pamoja na malazi. Wakala anataka shilingi milioni 4.5 za viza na tiketi, na anasema nitangulie kwa viza ya matembezi ya siku 60, kisha nikifika kampuni itanibadilishia. Nina mke na mtoto wa miaka miwili. Je, utaratibu huu ni halali? Ni karatasi gani nizitengeneze kabla ya kuondoka, na familia yangu inaweza kunifuata?"

Jibu. Ndugu yangu, nakupongeza kwa nafasi uliyoipata, na nakushukuru kwa kuuliza kabla hujatoa fedha, kwa kuwa barua nyingi za namna hii hunifikia mwandishi akiwa tayari yuko Deira au Sharjah na siku za viza yake zinahesabika. Jibu la swali lako la kwanza ni hili: usiondoke Tanzania mpaka uwe na ruhusa ya kuingia kwa ajili ya kazi, iliyotolewa kwa jina lako na yenye jina la kampuni inayokuajiri. Nitaeleza sababu kwa urefu, maana wakala wako hakusema uongo mtupu, na ukweli nusu ndio unaowaumiza watu wengi zaidi.

Ukweli wake ni kwamba Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi ambayo Dubai imo ndani yake, unaruhusu mtu aliyeingia kwa viza ya matembezi abadilishiwe hadhi akiwa ndani, endapo mwajiri amemwombea kibali cha kazi na kikatoka. Wapo waliopitia njia hiyo wakafika salama. Sehemu ambayo wakala hakukuambia ni kwamba tangu unapotua mpaka kibali kile kitoke huruhusiwi kufanya kazi hata siku moja, wala kwa kisingizio cha "njoo tukuone unavyofanya". Sheria ya ajira ya nchi ile, yaani Amri ya Shirikisho namba 33 ya 2021 iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtumia mtu asiye na kibali, na mabadiliko ya 2024 yalipandisha faini ya kosa hilo ikawa kati ya dirhamu 100,000 na milioni moja. Mfanyakazi mwenyewe huweza kutozwa faini na kurudishwa kwao. Kwa hiyo kampuni inayokwambia uanze kazi huku viza "inashughulikiwa" inakuingiza katika kosa ambalo wewe, mgeni usiye na karatasi, utaulizwa wa kwanza.

Kuna jambo la pili, nalo kwangu ni zito kuliko faini. Viza ya matembezi hudhaminiwa na kampuni ya usafiri, shirika la ndege, hoteli au jamaa yako. Haidhaminiwi na mwajiri wako. Ukiwa nayo, Wizara ya Kazi ya Falme, ambayo ufupisho wake rasmi ni MOHRE, haikujui. Hakuna ofa iliyosajiliwa, hakuna mkataba, hakuna mshahara unaoweza kuudai. Kampuni ikibadili nia, au ikisema mshahara sasa ni 2,000 na si 3,500, hutakuwa na karatasi ya kuweka mezani, na muda wako utakuwa unayoyoma. Siku ya viza ikipita, kila siku ya ziada ni faini ya dirhamu 50. Miaka michache iliyopita nilimsaidia kijana mmoja fundi wa viyoyozi aliyekwenda kwa njia hii hii. Aliahidiwa kubadilishiwa ndani ya wiki mbili, akalala kitanda cha kukodi chumba kimoja na watu tisa, akahudhuria "majaribio" katika kampuni tatu bila kulipwa, na siku aliponipigia simu alikuwa amezidisha siku 41. Deni lake la faini lilikuwa dirhamu 2,050, na tiketi yake ya kurudi ilikuwa imekwisha muda. Fundi yule hakuwa mzembe wala mjinga. Alianza safari kabla ya karatasi, na hilo peke yake lilitosha kumfikisha pale.

Jambo la tatu ni la hapa nyumbani. Afisa wa Uhamiaji kiwanjani atakuuliza unakwenda kufanya nini, na kwa viza ile utalazimika kumjibu kwamba unakwenda kutembea. Sipendi kumshauri mtu aanze maisha mapya kwa kumdanganya ofisa wa nchi yake mwenyewe, na tena akizuiliwa pale, wakala hatokuwepo.

Sasa njia iliyonyooka. Mwajiri wa Dubai huanza kwa kuandaa ofa ya kazi katika fomu rasmi ya wizara, yenye Kiarabu na Kiingereza, ikitaja cheo, mshahara, saa za kazi, likizo na muda wa mkataba. Ofa hiyo hutumwa kwako uisome na kuitia sahihi ungali Tanga, na kila ofa ina namba inayoweza kuhakikiwa katika tovuti ya wizara. Ikishasainiwa, wizara hutoa kibali cha awali, na kwa kazi za Dubai idara ya ukaazi ya mji huo, GDRFA, hutoa ruhusa ya kuingia. Kwa falme nyingine mamlaka inayohusika huitwa ICP. Ruhusa hiyo hutumika ndani ya miezi miwili tangu itolewe, na ukishaingia, kampuni ina siku 60 kukamilisha vipimo vya afya, kitambulisho na ukaazi wako. Mkataba utakaousaini ukifika haupaswi kupingana na ofa uliyoisaini nyumbani. Zingatia pia kwamba maandishi ya Kiarabu na ya Kiingereza yakitofautiana, yanayoshinda ni ya Kiarabu. Kwa hiyo mtafute mtu unayemwamini, mwalimu wa madrasa au mtu aliyesoma Kiarabu, akusomee angalau mistari ya mshahara na cheo. Tanga haikosi watu wa namna hiyo.

Ofa yenyewe uisome kwa kalamu mkononi. Hapo nataka nikae kidogo, kwa sababu watu huangalia jumla ya mshahara na kuruka mistari iliyo juu yake. Tuseme ofa yako inaandika: mshahara wa msingi dirhamu 1,400, posho nyinginezo dirhamu 2,100, jumla dirhamu 3,500. Jumla ni ile ile uliyoahidiwa, na kila mwezi utapokea 3,500. Lakini kiinua mgongo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake, kwa siku 21 za kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza. Msingi wa 1,400 ukigawanywa kwa siku 30 na kuzidishwa kwa 21 unakupa dirhamu 980 kwa mwaka. Kama msingi ungekuwa 3,500 mzima, ungepata 2,450. Kwa mkataba wa miaka miwili tofauti ni dirhamu 2,940, ambazo ni karibu mshahara wa mwezi mzima. Malipo ya saa za ziada nayo huanzia kwenye msingi, yakiongezwa angalau asilimia 25, au asilimia 50 kwa kazi ya kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri. Hata bima ya kupoteza ajira hulipa asilimia 60 ya msingi. Usiogope kuuliza: "Naomba msingi uwe angalau nusu ya jumla." Mwajiri anaweza kukataa, lakini ombi hilo ni la kawaida, na wakati wa kulitoa ni kabla ya sahihi.

Angalia vilevile cheo. Kama wewe ni karani wa hesabu na ofa inasema "mfanyakazi wa ghala" au "msaidizi wa kawaida", usikubali maelezo kwamba ni jina tu la kurahisisha viza. Cheo kilichoandikwa kinagusa kiwango cha ujuzi unachopangiwa na wizara, na kitakuwa ndio ushahidi wa uzoefu wako utakapotafuta kazi nyingine. Muda wa matazamio hauruhusiwi kuzidi miezi sita. Likizo ya mwaka kwa aliyetimiza mwaka ni siku 30. Saa za kazi ni nane kwa siku, 48 kwa juma. Ofa ikitaja chini ya hapo kwa likizo au zaidi ya hapo kwa saa, ujue inakiuka sheria.

Kuhusu shilingi milioni 4.5, nitasema waziwazi. Ibara ya 6 ya sheria niliyoitaja inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumtafuta na kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa kupitia mtu mwingine. Gharama za kibali cha kazi, ruhusa ya kuingia, vipimo vya afya na kitambulisho ni za mwajiri. Kampuni ya kweli inajua hivyo na imezitenga katika bajeti yake. Kwa hiyo mwandikie wakala, kwa maandishi na si kwa simu, ukimwomba vitu vitatu: namba ya leseni yake ya uwakala wa ajira kutoka kwa Kamishna wa Kazi, nakala ya ofa yenye namba ya wizara ya Falme, na mchanganuo wa fedha anazodai ukionyesha kila shilingi inakwenda wapi na kwa risiti ya nani. Leseni yake ihakiki mwenyewe kwa ofisi ya Kamishna wa Kazi au kwa Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA. Ungekuwa unaondokea Zanzibar, ungehakiki kwa mamlaka ya kazi ya huko, kwa kuwa masuala ya kazi Zanzibar yana sheria yake. Wakala mwenye leseni hatokasirika kwa maswali hayo. Akikasirika, au akikwambia nafasi itapotea kesho, fedha yako ibaki mfukoni.

Tuje kwenye karatasi zako. Anza na jina, kabla hujafikiria muhuri wowote. Kwetu pwani jina moja lina sura nyingi: cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha kidato cha nne kinasema Hamisi, cha chuo kinasema Hamis, na kitambulisho cha NIDA kimeongeza jina la babu ambalo halimo kwingineko. Huku nyumbani kila mtu anajua ni wewe. Karani wa Dubai anayelinganisha herufi kwenye kompyuta hajui, na ombi hurudishwa. Tandaza vyeti vyako vyote mezani pamoja na pasi, usome jina herufi kwa herufi. Tofauti ndogo huelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili; tofauti kubwa hudai hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Jina katika pasi ndilo liwe kipimo, vyeti vingine vilifuate. Kama pasi haijatoka bado, hapo ndipo pa kusahihisha kwanza, kwa kuwa kurekebisha baadaye kunakula muda na ada nyingine ya shilingi 150,000. Pasi iwe na uhai wa zaidi ya miezi sita mbele.

Falme za Kiarabu hazimo katika Mkataba wa The Hague wa 1961 unaoruhusu nchi kukubaliana na muhuri mmoja wa uthibitisho, kwa hiyo cheti chako hupita mlolongo mzima. Stashahada inathibitishwa kwanza na chuo na mamlaka ya elimu inayohusika, kisha inakwenda Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, kisha ubalozi wa Falme uliopo Dar es Salaam, na mwisho hupata uthibitisho wa wizara ya mambo ya nje ya Falme zenyewe. Kila ofisi hukagua muhuri wa ofisi iliyotangulia, na ukiruka mmoja utarudishwa mwanzo. Kazi yako ya uhasibu inahitaji cheti kilichothibitishwa ili ihesabike kuwa kazi ya ujuzi. Fanya hayo ukiwa hapa. Nimeona watu wakiwaomba ndugu zao wasafirishe cheti halisi kwa basi kutoka mkoani, kisha kwa mtu wasiyemfahamu, kwa sababu waliondoka bila kukithibitisha, na cheti kikapotea njiani.

Cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto navyo vipitishe njia hiyo hiyo, hata kama familia haitakufuata mwaka huu. Kama ndoa yenu ilifungwa na sheikh na mlichobaki nacho ni karatasi ya msikitini pekee, hakikisheni ndoa imesajiliwa na cheti cha serikali kimetoka RITA, kwa kuwa karatasi ya msikitini peke yake haitakubaliwa.

Kabla hujaacha kazi uliyonayo, pima afya hapa. Huko utapimwa damu na kupigwa picha ya kifua, na mgeni mpya anayekutwa na virusi vya UKIMWI hapewi ukaazi. Picha inayoonyesha kifua kikuu, hata kovu la zamani lililokwisha pona, huweza kuleta vipimo zaidi na wakati mwingine kukataliwa. Aliyewahi kutibiwa kifua kikuu achukue kumbukumbu za matibabu kutoka hospitali yake, zikiwa na tarehe ya kuanza na kumaliza dawa. Nalisema hili kwa huruma, kwa kuwa hakuna uchungu kama wa mtu aliyeuza shamba la minazi, akafika, akarudishwa kwa sababu ambayo angeijua hapo hospitali ya Bombo, Tanga, kwa gharama ndogo.

Ukishafika na kupima, utachukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kitambulisho cha Emirates. Wenzetu walioko Ghuba bado huita ukaazi "ikama", na wengi hutazamia kuona stika ndani ya pasi. Tangu 2022 stika hiyo haibandikwi tena, na kitambulisho ndicho ushahidi wa ukaazi. Kwa kawaida ni wa miaka miwili. Pasi yako kaa nayo mwenyewe. Sheria inamkataza mwajiri kuzuia hati za mfanyakazi, na "tunaiweka ofisini kwa usalama" ni maneno ya kukataliwa kwa adabu: mpe aitumie kwa ombi la ukaazi, umwombe karatasi ya kupokea, na ombi hilo likikamilika uidai. Bima ya afya ni wajibu wa mwajiri. Bima ya kupoteza ajira ni juu yako mwenyewe, dirhamu 5 kwa mwezi kwa mwenye msingi usiozidi 16,000, na asiyejiunga hutozwa faini ya dirhamu 400. Wengi hukutana na faini hiyo kwa kutokuambiwa tu. Mshahara uwe unapita katika mfumo rasmi wa malipo unaosimamiwa na wizara, si kwa bahasha, maana rekodi ya mfumo ndiyo itakayokusemea ukichelewa kulipwa.

Familia sasa. Kiwango cha kumdhamini mke na mtoto ni mshahara wa dirhamu 4,000, au 3,000 pamoja na makazi. Kwa kusoma haraka utaona 3,500 na malazi inatosha. Lakini malazi ya kampuni za ghala mara nyingi ni kitanda katika chumba cha watu kadhaa, na huko huwezi kumpeleka mke. Idara ya ukaazi itataka kuona mkataba wa pango la nyumba uliosajiliwa, ambao Dubai huitwa Ejari, na kodi ya hata chumba kimoja cha familia italamba sehemu kubwa ya mshahara huo. Ushauri wangu ni kwamba uende peke yako kwanza, utumie mwaka wa kwanza kujua kazi na mji, na familia ifuate pale mshahara utakapopanda au utakapopata kazi inayotoa posho ya nyumba. Najua maneno haya ni machungu kwa baba wa mtoto wa miaka miwili. Ni afadhali likizo yako ya siku 30 uitumie nyumbani Tanga kuliko kumleta mke aishi kwa kuhesabu siku za viza ya matembezi.

Siku utakapopata ruhusa sahihi ya kuingia, piga nakala ya kurasa zote za ofa, ruhusa yenyewe, ukurasa wa picha wa pasi, na anwani na simu ya ubalozi mdogo wa Tanzania ulioko Dubai, umwachie mkeo. Umwandikie pia jina la kampuni kama lilivyo kwenye ofa, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya ofa, kwa sababu ikitokea simu yako haipatikani kwa siku kadhaa, jina hilo na namba hiyo ndivyo watakavyomuuliza ubalozini.